Twilumba, Aliyemlaza Mama Yangu Chali

Jamani, hadi sasa akili yangu haijakubali. Twilumba amefariki! Twilumba yule yule ambaye juzi tu kwenye simu alinicheka mpaka akakohoa!

Kwa mnaonifuata mkidhani mimi Bibi Lea ni wa picha za viazi tu: niliwahi kuwa nesi. Huyu alikuwa mwenzangu wa kitanda cha jirani bwenini, hospitali ya misheni huku Njombe, enzi za Mwingereza. Wasichana wawili wa Kibena, viatu vipya vinabana, tunajiona sisi ndio sisi!

Leo sitaki kulia, nimelia inatosha. Nataka niwaambie alichomfanyia mama yangu, maana bila yeye mama asingeuona Uhuru.

Mama alikuwa analala ameketi. Mgongo ukutani, miguu karibu na moto. Akijinyoosha tu, pumzi inakata. Nyumbani wote walisema ni kichomi, baridi hii ya Njombe, mrundikieni mablanketi!

Alipoletwa wodini miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki, daktari akasema moyo umeshindwa kazi. Nikakaa chini pale pale. Mimi nilijua moyo ukishindwa basi, mtu amekwisha.

Twilumba akanivuta mkono hadi kwenye pampu ya bustani. "Lea, acha kulia, tazama! Hii pampu imekufa?" Nikasema haijakufa, inavuta kidogo kidogo.

"Basi huo ndio moyo wa mama! Homa ya viungo ya utotoni iliharibu valvu, vile vilango vya moyo, ukawa unasukuma kwa shida mwaka baada ya mwaka mpaka ukachoka. Haujasimama. Damu inachelewa kupita, maji yanatuama mapafuni na miguuni."

"Na figo nazo, bure kabisa! Zinaona damu inayofika ni kidogo, zinadhani mwili umekauka, zinang'ang'ania maji na chumvi. Moyo unazidi kuelemewa." Anaongea mikono inaruka, utadhani anasimulia mechi!

Na yale madaraja manne ya daktari ya kupimia moyo uliochoka, ambayo mimi kwenye ward round, daktari akipita vitandani, yalikuwa yananipita juu ya kichwa? Twilumba aliyashusha hadi jikoni kwetu.

La kwanza: moyo una kasoro, lakini mzigo wa kuni unapanda nao kilima. La pili: kuni unapanda nazo, ila unatua njiani uheme. La tatu: kufagia uwanja tu, hoi. La nne: umeketi, hufanyi kitu, na bado unahema. Mama alikuwa la nne.

Dawa zikafanya kazi. Ile sindano ya kukojoza, weee! Mama akarudi nyumbani miguu imenywea. Haukupita muda, akavimba tena.

Tukaomba off, tukaenda kuona kulikoni. Sasa, kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na enzi zile zawadi ya heshima ilikuwa chumvi. Kila aliyempenda mama alimfungia chumvi kwenye kitambaa. Shangazi anaitia yote kwenye mchuzi, wageni waone zawadi yao imepokelewa!

Twilumba akaonja, akatema. "Mnampa maji ya bahari!" Bahari yenyewe hajawahi hata kuiona!

Shangazi akawaka. "Binti wa watu, unataka mgonjwa wetu anywe mchuzi chapwa kama vile hana ndugu?" Na daktari alishaniambia mama akirudi wodini safari hii, tusitegemee atoke.

Twilumba akapiga magoti, akamsalimu Kibena. "Kamwene, shangazi. Mapenzi yenu tumeyaona, lakini yanaishia kwenye miguu yake. Hapa mwenye sauti ni wewe. Chumvi yote ipokee wewe, uitunze. Tutaipikia siku ya kumshukuru Mungu."

Kumbe ndivyo alivyotaka kuambiwa! Shangazi akawa askari wa mlangoni. Mgeni akija na chungu cha mboga, anakionja kwanza ndiyo kipite. Hata mke wa mchungaji alirudishwa na mchuzi wake!

Halafu asubuhi moja, tumepata off tena, nikaingia chumbani, nikamkuta mama amelala chali, kimya. Nikapiga kelele, majirani wakaja mbio.

Mama akafumbua jicho moja. "Wewe Lea, unanipigia kelele za nini? Si nimelala!"

AMELALA! Chali, kama watu wengine! Tulicheka, tulilia, na Twilumba alicheza uwanjani na ufagio mkononi.

Mama hakupona kabisa, valvu zile hazikurudi upya. Lakini alitoka la nne akafika la pili, na kwenye harusi yangu alicheza, akipumzika kila baada ya wimbo.

Miaka ikaenda, presha ikamchosha Twilumba moyo wake mwenyewe. Kila akinipigia kutoka Lyamkena, kule Makambako, anaanza na ripoti kama yuko duty. "Kamwene nesi! Leo la pili, nimefagia uwanja wote!" Baadaye: "Leo la tatu, mwenzangu, ufagio umenishinda." Na bado anacheka!

Mwisho akawa analala ameketi, mito mgongoni. Chumvi ilifichwa kabatini kwa amri yake mwenyewe, na ole wake atakayeitoa.

Jumamosi watu wa nyumbani kwake wakaniita. Nikaingia, nikamkuta amelala chali, hana mto hata mmoja. Nikapiga kelele kama zile za zamani, kisha nikanyamaza nikingoja aniulize kelele za nini.

Hakuuliza.

Haya, Twilumba wangu, sipigi kelele tena. Pumzi haikukimbizi sasa. Jinyooshe mwenzangu, ulale salama.