Busu la Kedowa

Nyabate alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwa amewahi kubusiwa na mwanamume. Mume alikuwa naye. Alikuwa na miaka ishirini na saba kwa Mochama, watoto wanne, na mgongo ulioinama kwa kikapu cha majani chai. Lakini mdomo wake aliutumia kula, kuongea na kupuliza moto, basi.

Alijaribu mara moja tu, akiwa bibi arusi mpya, wakati walipokuwa wamehamia Roret kutoka Nyamira na shamba lao la chai halijafika hata magotini. Alikuwa ameona jambo hilo kwenye televisheni ya mwenye duka. Jioni ile akamsogezea Mochama uso. Mochama akaweka kiganja kwenye paji lake la uso na kumrudisha nyuma, kama mtu anayemzuia ndama asinyonye.

"Mdomo ni wa ugali na maombi," akamwambia. "Hayo mengine ni ya wazungu."

Walipopata watoto, Mochama akapata sababu nzito zaidi. "Sisi tuna chinsoni," alikuwa akisema, na hapo hakuna Mkisii wa kubisha. Chinsoni ni ile heshima na aibu iliyo kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mtu na wakwe zake. Baba haketi kwenye kitanda cha mwanawe mkubwa. Mama mkwe akimwona mkwe wake njiani, kila mmoja anatafuta upande wake wa barabara. Sasa mtu na mkewe watashikana midomo vipi na watoto wamo humo humo nyumbani?

Nyabate alikubali. Hata mama yake hakubusiwa. Midomo miwili aliyowahi kuiona ikikutana kwao ni ya nyanya yake na mtoto mchanga: nyanya alitafuna kiazi kitamu cha kuchoma mpaka kikawa uji, kisha akakipitisha kwa ulimi kwenye kinywa cha mtoto. Akajiambia kwamba ndivyo Mungu alivyowapangia watu wao, na mwanamume asiyebusu hana kosa, kama vile jogoo asiyetaga hana kosa.

Ndipo mwaka jana, mwezi wa tatu, akaenda Kedowa kutafuta mbegu ya viazi.

Mochama alikuwa dereva wa lori la kuni za kiwanda cha chai. Kuni zilitoka upande huo wa msituni, kwa hiyo Nyabate alipoliona lori limesimama kando ya vibanda hakushtuka. Hata alifurahi, maana angepata wa kumbebea gunia. Akazunguka nyuma ya lori.

Mochama alikuwa amesimama na mwanamke wa sweta ya kijani, muuza viazi. Alivua kofia kwanza. Hilo Nyabate hakulisahau, alivua kofia kama mtu anayeingia kanisani. Kisha akainamisha kichwa upande, akafumba macho, na kumbusu yule mwanamke mdomoni. Hakuwa na haraka. Watu walikuwa wakipita na toroli zao za kabeji.

"Fancy!" mwanamke wa kibanda cha pili akamwita muuza viazi kwa kelele. "Muachie huyo mtu pumzi ya kuendesha lori!"

Wakacheka wote. Walicheka kama watu waliozoea.

Nyabate alirudi Roret bila mbegu. Msimu ule alipanda viazi vilivyobaki jikoni, na vilivyotoka vilikuwa vidogo kama ngumi ya mtoto.

Hakusema neno. Lakini tangu siku hiyo wivu ulikaa naye kama jiwe ndani ya gambuti. Vidole vilichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na roho iko Kedowa. Angekuwa ameibiwa shuka au kitanda angeelewa. Wanaume aliwajua, na mambo ya kitandani huwatoka bila hata kufikiri. Lakini mdomo! Mochama alikuwa amemwambia hana. Miaka ishirini na saba amelala na njaa kando ya mtu anayesema ghala ni tupu, kumbe ghala limejaa na funguo ziko kwa mwingine.

Akaanza kujitazama kwenye kipande cha kioo. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi ya asubuhi. Aliipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, akapiga mswaki mara mbili kwa siku, akaacha vitunguu vibichi. Mochama hakuona. Alikula, akafuta mdomo wake kwa nyuma ya mkono, ule mdomo, na Nyabate akautazama jinsi mtu anavyotazama shamba lake likilimwa na jirani.

Mwaka huu Mochama akapata tamaa ya kuwa mzee wa kanisa. Kanisa lao halimpi mtu kiti hicho kama anaishi na mke bila cheti, na wao, kama wengi wa rika lao, walikuwa wamepeleka ng'ombe kwa wazazi na kuishia hapo. Mchungaji akapanga kufungisha ndoa wenzi tisa kwa siku moja.

Jumapili ya mazoezi, Rebeccah, mke wa mchungaji, aliwapanga wawili wawili. Alikuwa mama wa Kikipsigis, mchangamfu, mwenye sauti ya kufika kijiji cha pili.

"Mkishavaa pete, bwana atafunua shela, atambusu bibi arusi."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Bitutu, aliyekuwa na miaka sabini na kitu na meno manne, akashika kiuno. "Rebeccah, mwanangu, huyu mzee wangu nikimpa mdomo atadhani nampa chakula. Zamani mdomo kwa mdomo ilikuwa ya mtoto asiye na meno."

"Basi pengine ndiko busu lilikotoka, nyanya," Rebeccah akasema. "Mama alilisha mtoto, mtoto akakua akakumbuka utamu."

"Hata sisi Wakipsigis hatukuwa na hiyo," mzee mmoja wa nyuma akasema. "Tulikuwa tunawekewa mkono kichwani tu."

Mochama akasimama. Alikohoa kwanza, kikohozi cha mtu ambaye tayari ni mzee wa kanisa.

"Mama mchungaji, tuache hiyo. Siku hiyo watoto wetu watakuwa hapa. Wakwe watakuwa hapa. Sisi tuna chinsoni."

Watu wakaguna kwa kukubali, wengine wakashusha pumzi. Rebeccah alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa kwamba sawa, wakati Nyabate aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Mimi nataka."

Vichwa vikageuka.

"Unataka nini, Mama Nyamusi?" Rebeccah akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Hilo busu. Wengine waache. Mimi nataka langu."

"Wui!" Bitutu akacheka mpaka machozi. "Mama Nyamusi ana moto! Na mtoto wake wa mwisho anaenda jando!"

Nyabate hakucheka. Nje, Mochama akamvuta kando ya ua wa chai. "Unaniaibisha mbele ya kanisa? Mkwe wako Arasa atakutazama ukifanya hivyo?"

"Kedowa hakuna wakwe?"

Mochama akamwachia. Ng'ombe mmoja alilia kule bondeni.

"Ulienda Kedowa lini?"

"Wakati wa viazi."

"Ile... ile ni salamu tu, Mama Nyamusi. Watu wa huko husalimiana hivyo."

"Rebeccah kwao ni Kedowa. Ngoja nimwulize."

"Usimwulize!" Akashika mkono wake, na sauti ikawa laini ghafla. "Basi. Nitakubusu. Nitakubusu vizuri, watu waone."

Kwa majuma matatu Nyabate alibeba ahadi hiyo kama mtu anayebeba yai. Alijichukia kwa kuifurahia. Alijiambia hivi: akinibusu kama alivyombusu yule, nitasamehe. Sitataja Kedowa tena mpaka nifukiwe. Sikuombi zaidi, Baba Nyamusi. Nipe kile kile.

Siku ikafika. Wenzi tisa, magauni ya kukodi, glavu nyeupe juu ya vidole vilivyotiwa weusi na utomvu wa chai. Nyamusi, binti yake wa kwanza, aliketi mstari wa tatu. Arasa, mumewe, alikuwa amejiweka nyuma kabisa, na wakati wa mabusu akainama kama mtu anayefunga viatu. Mzee wa Bitutu alimbusu mkewe kwenye paji la uso, na vigelegele vikatikisa mabati. Wengine walishikana mikono tu. Nyabate na Mochama walikuwa wa mwisho.

Mochama akafunua shela. Nyabate alifumba macho, kisha akayafumbua, kwa sababu alitaka kuona.

Midomo ya Mochama ilikuwa imekazwa kama ya mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Ikagusa, ikatoka. Na macho ya Mochama yalikuwa wazi muda wote, yamempita sikioni, yanatazama benchi la wazee wa kanisa kuona kama wameona.

Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akaleta vyeti. Waliosoma walitia sahihi. Wasiosoma, kama Bitutu na Nyabate, walikuwa wamewekewa kibati cha wino. Mochama akaandika jina lake kwa maringo, mkia wa herufi ya mwisho ukafika ukingoni.

"Mama Nyamusi, kidole," mchungaji akasema.

Nyabate alikuwa amevua glavu moja. Akakunja ngumi.

"Pasta, sitaweka."

"Mama, umesema ndiyo mbele ya Mungu na watu."

"Nilisema ndiyo kabla ya busu."

"Lakini umebusiwa!" Mochama akasema, akijaribu kucheka. "Watu wote wameona. Unataka nini tena, mwanamke?"

"Ulifumba macho kule Kedowa," Nyabate akasema. Hakupaza sauti, lakini kanisa lilikuwa limetulia na kila mtu alisikia. "Ulivua kofia na ukafumba macho. Kwangu umeyafungua kutafuta kiti."

"Kedowa gani?" mzee mmoja akauliza kutoka benchi la mbele. Rebeccah akageuka kumtazama Mochama, taratibu. Mochama akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ukawa hauna ugali wala maombi.

Nyabate akavua glavu ya pili, akazikunja pamoja na kuziweka juu ya cheti kisicho na kidole. Zilikuwa za kukodi na hakutaka zichafuke. Akatoka kwa mlango wa pembeni mpaka nyuma ya kanisa, ambako akina mama walikuwa wamezunguka sufuria za pilau. Nao walikuwa wamesikia, maana ukuta ulikuwa wa mbao. Mmoja akavuta kigoda, akakipangusa kwa leso.

Nyabate akaketi na gauni lake jeupe na kunyoosha mkono.

"Nipakulieni," akasema. "Na muweke nyama."