Aliyetupita kwenye Kilima cha Kwenda Masanze

Jambo hili sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, macho yangu yalikuwa wazi, na jua lilikuwa limeshachomoza. Nalitaja jua mapema kwa sababu najua mtakavyosema. Watu wakisikia habari za namna hii hudhani lazima iwe usiku wa manane na msimuliaji awe amelewa. Mimi sinywi pombe, na asubuhi hiyo nilikuwa nimelala vizuri na kushiba chai na mihogo.

Nauza dawa katika duka moja pale Mikumi mjini. Siku za mapumziko naendesha baiskeli, na sisemi ile ya kuendea sokoni. Nasema baiskeli ya gia, yenye usukani uliojikunja kwenda chini kama pembe za kondoo. Mwanzoni wanawake wenzangu walinicheka, na wapo waliomuuliza mume wangu kama ameridhia. Aliwajibu kwamba tangu nianze kuendesha nimepunguza kununa nyumbani, kwa hiyo ameridhia kabisa.

Aliyenifundisha mchezo huu ni shemeji yangu Rajabu, mdogo wa mume wangu. Anaishi Kilosa na analima mpunga Tindiga. Ni mtu mwema, mcheshi, ana nguvu za miguu ambazo sijui anazitoa wapi. Ila hapendi kupitwa. Bodaboda ikimpita ananuna, sembuse baiskeli. Siku hiyo alikuwa amelala kwetu, na asubuhi nikaamua kumsindikiza hadi Kilosa, nilale kwake, kesho yake nirudi na basi, baiskeli ikiwa imefungwa juu.

Kama hujawahi kupita njia ya Mikumi kwenda Kilosa kwa baiskeli, nakuonea huruma kidogo. Malori yote yanashika barabara kuu ya Iringa. Ukishaiacha ile na kugeukia Kilosa, kelele zinabaki nyuma yako kama vile mtu amefunga mlango. Unaweza kwenda muda mrefu sana usipishane na gari. Unasikia ndege, unasikia pumzi zako, unasikia mnyororo unavyokwenda. Vilima vyake havimwonei mtu. Unapanda kidogo, moyo unaanza kupiga, mara umefika juu na kuanza kuteremka, na huko chini unakuta mto au kijito, na ubaridi wa maji unakugusa magotini kabla hujayaona maji yenyewe. Kisha unapanda tena. Upande wa kushoto milima imejifunika ukungu, upande wa kulia mahindi. Nani angetaka kuwa mahali pengine?

Masika yalikuwa yamekwisha karibuni. Mbele ya Ulaya, namaanisha Ulaya yetu hii ya Kilosa, si ile inayoendewa kwa ndege, kuna kijito ambacho mwaka huo kilijaa kikalibeba daraja lake lote. Watu wa pale walikuwa wamechonga njia ya pembeni inayokwenda kuvuka juu zaidi, penye maji machache, na barabara ya zamani wakaiziba kwa matawi ya miiba. Kila mtu alilijua hilo. Rajabu mwenyewe alikuwa ameipita hiyo njia ya pembeni jana yake akija kwetu. Naomba mliweke hilo akilini.

Tulikuwa tunapanda kilima cha mwisho kabla ya kijito. Shemeji yuko mbele, mimi nyuma. Nikahisi mtu ubavuni kwangu. Nasema nilihisi, kwa sababu sikusikia kitu. Nikageuka, nikamwona mwanamke wa rika langu, amejifunga kanga, miguu mitupu, yuko juu ya baiskeli kubwa nzito, zile zinazobebea mkaa. Nyuma, kwenye keria, alikuwa na ndoo ya maji imejaa hadi ukingoni, haina mfuniko.

"Habari za asubuhi, dada," nikamwambia.

Aliniinamishia kichwa kidogo, kwa adabu, akanipita.

Sijui niwaeleze vipi alivyokuwa anaendesha. Mimi kwenye kilima kile mabega yalikuwa yanayumba na jasho linaniingia machoni, na baiskeli yangu ni nyepesi. Yeye alikuwa amenyooka mgongo kama mtu aliyeketi kanisani. Magoti yanapanda na kushuka taratibu, bila haraka, na baiskeli inakwenda. Maji kwenye ndoo yalikuwa yametulia kama yamewekwa mezani. Niaminini, sikuogopa hata kidogo wakati ule. Nilimwonea fahari. Niliwaza, laiti wale walionicheka Mikumi wangekuwepo wamwone.

Nikapaza sauti, "Shemeji, unapitwa na mwanamke mwenye ndoo."

Alicheka bila kugeuka. Kisha yule mtu akamfikia, akampita, nami nikaona mgongo wa shemeji unabadilika. Alisimama juu ya pedeli akaanza kumfukuza.

Walifika juu, wakapotea upande wa pili. Nilipofika juu mimi, nikawaona wako mteremkoni. Mbele yao yako yale matawi ya miiba, na njia ya pembeni inakata kwenda kushoto. Yule mwanamke hakukata kushoto. Alipita katikati ya miiba, na sikuona hata jani moja likitikisika. Rajabu akazungukia majanini pembeni, akarudi barabarani, akaendelea kumfuata.

Nilipofika penye miiba nikatazama chini. Udongo ulikuwa bado laini. Alama ya tairi ilikuwa moja, nyembamba, ya shemeji.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Nikapita majanini kama yeye, nikateremka nikimwita. "Shemeji, daraja halipo. Rajabu, simama, daraja halipo." Hakusikia. Mtu niliyemzoea, ambaye nikimwita sokoni kati ya watu mia anageuka, hakutingisha hata sikio. Nilikuwa nasikia maji yanavyonguruma huko chini, na nilijua kwamba siwezi kumfikia. Sijawahi kumfikia mteremkoni maisha yangu yote.

Sikujua la kufanya, nikafanya la kwanza lililonijia. Nilivuta breki, nikajibwaga chini pamoja na baiskeli, nikapiga yowe. "Shemeji, nimevunjika mguu. Nakufa."

Akageuka. Onyo hakulisikia, lakini yowe la ndugu yake alilisikia. Akashika breki zote mbili, gurudumu la nyuma likateleza likazunguka, akaanguka ubavu, akaburuzika hadi pale barabara ilipokatika. Mguu wake mmoja ulikuwa unaning'inia hewani. Chini yake ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita na magogo.

Na yule mwanamke? Alikwenda. Nilimwona kwa macho haya. Alitoka kwenye ukingo kama mtu anayeendelea na barabara yake, akapita juu ya maji, mgongo umenyooka vilevile, magoti yanapanda na kushuka vilevile, akafika ng'ambo, akapanda kilima cha upande wa pili hadi nikashindwa kumwona.

Shemeji alirudi kwangu akichechemea, kiwiko kinatoka damu. "Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Tazama ulikotoka."

Alitazama. Akakaa chini barabarani. Akauliza, "Na yule kijana amekwenda wapi?"

"Kijana gani?"

"Huyo aliyetupita. Mwenye jezi nyekundu, na baiskeli ya mashindano. Alinipita akanitazama usoni, akatabasamu."

Nikamweleza habari za kanga na ndoo.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipalilia shamba lake karibu na njia ya pembeni alikuwa amelisikia yowe langu, akaja mbio na jembe mkononi. Tulimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Nani ameumia?"

Tulimsimulia. Nilitegemea atashangaa au atatucheka. Alitusikiliza tu, akakifuta kiwiko cha Rajabu kwa ncha ya kanga yake, akauliza yule mtu alikuwa amebeba nini. Mimi nikasema maji. Shemeji akasema hakubeba kitu.

"Mimi humwona na mtoto mgongoni," akasema. "Hana ubaya na mtu. Alikuwa akipita hapa hata daraja lilipokuwepo. Sisi tunampisha, anakwenda zake."

"Sasa mbona alitaka kuniua?" Rajabu akauliza.

"Nani alitaka kukuua, baba? Alikuita? Yeye alikuwa anakwenda kwake. Wewe ndiye uliyemfuata, na yeye hahitaji daraja."

Alitusindikiza hadi pa kuvukia. Tulibeba baiskeli mabegani, maji yakitufika mapajani, tukatokea ng'ambo. Nilitafuta alama ya tairi kwenye udongo wa upande ule na sikuiona. Tulipita Masanze, na tulipofika Kilosa mke wake Zainabu alitutazama mara moja tu, akaenda kuchemsha maji ya kuoga bila kuuliza.

Kiwiko kilipona. Lakini Zainabu ananiambia kwamba tangu siku hiyo mumewe akishalala, miguu yake inaendesha. Taratibu, kushoto na kulia, chini ya shuka, hadi alfajiri. Wamesomewa dua, wamekwenda hospitali wakapimwa, hakuna kilichoonekana. Mwanzoni Zainabu alikuwa akimwamsha, sasa amezoea, anaweka mto katikati. Kinachomtisha ni kwamba wakati mwingine Rajabu hutabasamu usingizini na kusema, "Bado kidogo." Mchana ukimuuliza, hakumbuki. Anaendesha bado, ila kila tukitoka pamoja ananiomba nikae mbele, na mimi nakaa.

Wewe utakayeipita njia hiyo, nakuomba usiiache kwa sababu yangu. Nenda asubuhi, wakati ukungu bado uko milimani, uone nchi ilivyo. Lakini ukipitwa kilimani na mtu ambaye mnyororo wake haulii, msalimie na umpishe. Mtazame vizuri anavyokwenda, maana hutaona tena mtu akiendesha baiskeli namna ile. Kisha shuka, ukae chini kando ya barabara, uhesabu mahindi au ufanye lolote upendalo, na usinyanyuke hadi awe amepotea kabisa machoni pako.