Kiti Kando ya Jeneza

Nilikwenda mji wa Markham kukagua gari la maiti kwa ajili ya mke wangu, Nyambura, ambaye alikuwa ameshazikwa mwaka mzima. Najua hilo halieleweki, kwa hiyo nianzie nyuma kidogo.

Kwetu Nakuru nilikuwa fundi wa bodi. Gereji yetu ilichukua magari ya mizigo ikayageuza magari ya maiti, na kazi yangu hasa ilikuwa mabenchi: moja kushoto, moja kulia, jeneza katikati. Kwetu maiti hasafiri peke yake. Jamaa hukaa naye huko nyuma, wakaimba, wakalia, na barabara ikiwa mbovu wakalishika jeneza lisiyumbe. Sijui nimefunga mabenchi mangapi maishani mwangu, lakini ni mengi.

Nyambura alifariki hapa ugenini, Scarborough, mwezi wa pili. Siku ya mazishi dereva mwenye koti jeusi alifunga mlango wa nyuma wa gari lake, kisha akaja kutufungulia mlango wa gari jingine, la familia. Nikaingia. Nilidhani ndiyo sheria ya huku. Tulipofika barabara ya Eglinton taa nyekundu ikatuzuia sisi, gari lenye jeneza likapita, na kwa jinsi theluji ilivyokuwa ikianguka sikuliona tena mpaka makaburini. Kwa muda wote huo mke wangu alikuwa barabarani na mtu asiyeweza hata kulitamka jina lake.

Ndiyo maana nilisimama mbele ya chama chetu cha kusaidiana msibani nikasema tununue gari letu wenyewe, lenye benchi. Mwenyekiti wetu, Mama Wambui, aliposikia kuna gari la maiti la zamani linauzwa Markham, akanipigia simu.

"Baba Kamau, maneno ni yako na ufundi ni wako. Enda uangalie. Ukisema ndiyo, tunachukua. Ukisema hapana, hiyo stori tunaifunga, na usituletee tena."

"Na likiwa bovu, si nitakuwa nimeenda bure?"

"Mwenda bure si mkaa bure. Enda."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilipanda basi la kwenda kaskazini na mfuko wangu wa zamani: bisibisi, tochi na sumaku. Theluji ilikuwa inayeyuka, imebaki vichuguu vyeusi kwenye maegesho ya maduka. Nilibadilisha basi kwenye barabara ya Steeles. Kuanzia hapo maghorofa yaliisha, zikaanza nyumba zinazosimama mbalimbali, kila moja na gereji yake, na hakuna binadamu anayetembea kwa miguu isipokuwa mimi, fundi wa magari nisiye na gari. Nilicheka peke yangu, kisha nikaomba. Nilimwomba Mungu gari liwe zima. Nililitaka liwe zima kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu mazishi yale.

Ilipokaribia saa tano nilibisha mlango. Alinifungulia mama wa makamo, bado ana sare za unesi, macho mekundu kwa kukesha zamu.

"Karibu, fundi. Mimi ni Mama Akinyi. Umekuja na miguu kutoka kwa basi? Woi, si ungeniambia nikuchukue!"

"Usijali, mama. Miguu ndiyo gari langu."

Aliniambia gari lilikuwa la mumewe, Ochieng', aliyefariki mwezi wa nane akasafirishwa kuzikwa kwao. Wote wawili walitoka Kisumu. Ochieng' alikuwa mtu wa kompyuta ofisini, hakuwa fundi hata kidogo. Kisha akabonyeza kitufe na mlango wa gereji ukapanda juu.

Lilikuwa gari refu jeusi la Kimarekani, la zamani kuliko wanangu, na lilikuwa limeteswa. Aliyelinunua kwanza, gari lilipostaafu kazi ya maiti, alilitumia kutishia watoto kwenye sherehe za huku za mwezi wa kumi, watu wanapojivika kama mizimu, na taa zake nyekundu bado zilikuwa zimening'inia darini mwa gari. Rangi ilikuwa ya kupaka milango ya nyumba. Alama za brashi zilionekana. Niliweka sumaku ubavuni ikaanguka. Nikajaribu mbele kidogo, ikaanguka tena. Hapakuwa na bati pale, ni kiraka cha filla, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, kilichopigwa msasa. Tairi zilikuwa zimekaa chini na injini imeganda.

Nikafungua mlango wa nyuma.

Roli za kutelezeshea jeneza zilikuwa zimeng'olewa. Badala yake, upande wa kushoto, kulikuwa na benchi. Lilikuwa limechomelewa vibaya, chuma kimevimba kila kiungo kama uji uliofurika sufuria, na mto wake umeshonwa kwa kitenge. Urefu wake lakini ulikuwa sawasawa. Mtu akikaa pale, mkono wake unafika juu ya jeneza bila kuinama.

"Hii ni ya kukaa na marehemu," nikasema.

Mama Akinyi alishika mdomo. Nikaona machozi yanamtoka.

"Watu watatu wamekuja kuona hii gari," akasema akijifuta. "Mmoja aliniuliza kama hiyo ni ya mbwa. Ochieng' alizika rafiki yake hapa, akarudi akisema haiwezekani, mtu anapelekwa kama parseli. Akanunua hii. Miaka mitatu, kila wikendi yuko humu. Alijifunza kuchomelea kwa video za simu."

Nililala chini ya gari na tochi. Hapo ndipo moyo uliponivunjika. Ili miguu ya benchi ipate pa kusimama, Ochieng' alikuwa amekata vyuma viwili vya chasi vinavyokingama, vile vinavyobeba sakafu yote. Vilivyobaki vilikuwa vimeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Nilisukuma bisibisi kwa kidole tu, ikapenya hadi kwenye mpini.

Simu ikatetema mfukoni. Alikuwa Mama Wambui. Sikupokea. Nilibaki nimelala kwenye sakafu ile ya baridi nikifikiria uongo: kwamba ningeweza kuunga, kwamba fundi mzuri hashindwi. Kisha mawazoni nikaliona jeneza la mwenzetu na ndugu wawili kandoni mwake wakidondoka barabarani. Nikatoka.

"Mama Akinyi, wazo lake lilikuwa sahihi. Lakini gari hili halitabeba mtu, aliye hai wala aliyekufa. Nisamehe."

"Nilijua, fundi. Nilikuwa nangoja tu mtu wa kuniambia na heshima."

Alinikaribisha ndani, akanipa chai ya maziwa yenye tangawizi. Nikamsimulia habari za Nyambura, taa nyekundu na theluji. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha nikamuuliza, kwa kuwa gari halikuwahi kuwaka, Ochieng' mwenyewe alipelekwaje uwanja wa ndege kwenda kuzikwa Kisumu.

"Na gari yao. Lakini tulienda pamoja."

"Pamoja vipi?"

"Nilimuuliza dereva, naweza kukaa hapo mbele na wewe? Akasema sawa, mama. Akaondoa gazeti lake kwa kiti, nikaingia. Nikaweka mkono nyuma, nikagusa sanduku. Nikaongea naye Kijaluo mpaka tukafika." Alitabasamu kwa huzuni. "Ochieng' amekata chuma miaka mitatu, na hakuwahi kuuliza." Halafu akanitazama. "Wewe ulipouliza, walikukataza?"

Niliangalia kikombe.

Saa tisa nilikuwa kwenye basi la kurudi. Nilimpigia Mama Wambui nikamwambia gari halifai, na sina jingine la kupendekeza.

"Pole, Baba Kamau. Sasa watu wetu tutawafanyia aje?"

"Tutauliza," nikasema. "Tutawauliza tu madereva."

Tangu siku hiyo tumezika wawili, na mara zote mbili mmoja wa jamaa alikaa mbele. Hakuna dereva aliyekataa. Shuleni tulifundishwa kuwa kuuliza si ujinga, lakini ugenini mtu huogopa kuonekana mshamba, akatii hata lile ambalo hakuna aliyemwamuru. Mimi niliyewafungia watu mabenchi miaka yote ile nilinyamaza siku ya mke wangu.

Kiti cha mbele kilikuwepo. Nilipita kando ya dirisha la gari lililombeba nikielekea gari la familia, na sasa nakumbuka vizuri nilichoona: kilikuwa wazi, na juu yake kulikuwa na glavu za dereva.