Mbwa Mwenye Alama Mbili

Katika ukoo wetu ng'ombe hujulikana kwa sikio. Tunakata pembetatu ndogo kwenye ncha ya sikio la kushoto, basi. Hata akipotelea porini mwezi mzima, akionekana hakuna ubishi. Baba alihama Shinyanga na alama hiyo, akanirithisha pamoja na kisu chake. Kwa hiyo mbwa alipokuja kwangu Lusahunga na kukataa kuondoka, nilimkata sikio. Nikasema sasa tumemalizana.

Alitokea upande wa barabara ya Rusumo, kule malori yanakosimama, wiki moja baada ya watu wa matanga kutawanyika. Nilikuwa nimemzika mke wangu. Mbwa alikuwa mwekundu, mbavu zinahesabika, na shingoni manyoya yalikuwa yamelika kwa kuvaa mkanda. Ule mduara niliuona. Nilijua maana yake, nikajifanya kipofu. Nyumba ilikuwa kimya mno, nami nilikuwa nimeanza kuongea na masufuria.

Nikimwita kwa Kisukuma ananitazama tu. Kwa Kiswahili, vivyo hivyo. Nikamwona mpumbavu, nikamfundisha upya. Kwa miaka mitatu alilala mlangoni pangu, na nikisonga ugali nasonga wa wawili.

Kisha ikaja habari ya kuvalisha ng'ombe hereni. Bwana mifugo wetu ni mwanamke, lakini cheo tumekiacha na jina lake la zamani, naye keshachoka kutusahihisha. Alikuja zizini na kimashine cha kusomea namba za hereni, akawa anakipitisha masikioni mwa ng'ombe, kinalia, anaandika. Mbwa akapita chini ya mkono wake. Kimashine kikalia. Akakirudisha shingoni mwa mbwa, kikalia tena.

"Mzee, huyu mbwa ana chipu."

"Ana nini?"

"Kitu kidogo kama punje ya mchele. Kinaingizwa chini ya ngozi kwa sindano, hakitoki mpaka anakufa. Kina namba, na kwa namba hiyo mwenyewe anapatikana."

"Mwenyewe ni mimi. Tazama sikio."

Alilitazama, kisha akanitazama mimi. "Sikio nimeliona, mzee. Lakini hii ilitangulia."

Nilimfokea. Nilimwambia amalize ng'ombe aende zake. Akamaliza, akaaga vizuri, akaenda. Nikabaki na hasira yangu, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Kwetu, mtu anayekata sikio la mnyama ambaye tayari ana alama ya mwingine anaitwa mwizi. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye baraza lililomhukumu mmoja, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya tatu nilimfuata ofisini kwake. Nikamwambia, "Mtafute mwenyewe."

Kungoja kule sitaki kukurudia. Gari jeupe likipunguza mwendo barabarani, namfunga mbwa nyuma ya nyumba. Likipita, namfungua, na yeye ananilamba mikono kana kwamba nimemfanyia wema. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini na mke wangu, kwa sababu kule angalau tulikuwa wawili.

Jibu lilikuja kwenye simu ya bwana mifugo. Mwenyewe alikuwa mgeni aliyefanya kazi Ngara, na sasa yuko kwao, ng'ambo. Alipoondoka alimkabidhi mbwa kwa dereva ampeleke Mwanza kwa rafiki. Mbwa aliruka Lusahunga gari liliposimama, na dereva akaona rahisi kusema amekufa. Yule mgeni alikuwa ameshamlilia akamaliza. Aliomba picha. Alipoliona sikio hakuuliza kitu. Alisema abaki na mzee, na namba ihamishiwe kwangu.

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Bwana mifugo akaandika fomu kwa niaba yangu: jina, kijiji, simu. Halafu akauliza, "Mtu wa pili?"

"Wa nini?"

"Wa kupigiwa kama wewe hupatikani. Mbwa akipotea, au wewe mwenyewe ukiwa hupo."

Kalamu yake ikangoja. Nilifikiria jirani, tumegombana kwa ajili ya mpaka. Nilifikiria mke wangu kabla sijakumbuka. Mwisho nikasema nina binti, kaolewa Geita, ila ngoja nimwombe ruhusa kwanza. Nikatoka nje, nikapiga. Akapokea haraka, pumzi juu.

"Shikamoo baba. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hakuna aliyefariki. Nataka nikuandikishe kwenye karatasi za mbwa wangu."

Nyuma yake niliwasikia wajukuu, sauti zao zimekuwa nzito, sikujua yupi ni yupi.

"Mbwa gani, baba?"