Bahari Ndani ya Pipa

Kwa miezi mitano nilitengeneza bahari nyuma ya nyumba yangu Shinyanga, mimi ambaye bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana majirani zangu walicheka mpaka wakachoka, na mimi nikaendelea kukoroga.

Nilikuwa fundi bomba katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Mke wangu nilimpata Tabora nilikokwenda kusomea ufundi; yeye alikuwa amekuja kukaa na kaka yake, gadi wa treni. Kwao ni mwambao wa Tanga, nyumba ya mwisho kabla ya mikoko. Tulifunga ndoa bomani, kwa sababu yeye alikuwa Mwislamu na mimi mtoto wa misheni ya Kolandoto, na hakuna upande uliotaka kumsikia mwenzake. Nikamleta Shinyanga mwezi wa tisa, mwezi ambao hata sisi wenyeji tunaichukia nchi yetu. Vumbi, upepo, ng'ombe mbavu nje. Alishuka kwenye treni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza maji yako upande gani. Nikamwonyesha bomba la stesheni.

Hakulalamika. Afadhali angelalamika, ningemjibu, tukagombana yakaisha. Alikuwa na sanduku la bati aliloliweka chini ya kitanda, na nguo zake zote zilikaa humo. Alitoa khanga, akaivaa, akaifua, akaikunja, akairudisha sandukuni. Nilimtundikia kamba ya nguo chumbani, nikampigilia na misumari ukutani, na kamba ile ikabaki na shati langu moja la Jumapili. Mama yangu, ambaye hakukosa la kusema tangu azaliwe, aliliona sanduku siku ya kwanza aliyotutembelea. Akanivuta nje akaniambia kwa Kisukuma kwamba mwanamke ambaye nguo zake zinalala sandukuni, miguu yake iko njiani. Nikamwambia aache maneno yake, lakini neno lenyewe likabaki kwangu.

Mwaka wa pili mke wangu akalisema mwenyewe. Msimu wa pamba ukiisha, nikapata likizo, yeye angekwenda kwao kusalimia. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema hajui, ataona hukohuko. Jamani, kusalimia kwa mtu asiyejua atarudi lini si kusalimia. Nilimpenda mwanamke yule mpaka nikawa naona haya, mwanamume mzima nasimama kazini na spana mkononi, nawaza tu kama nitamkuta. Nilijua akipanda treni ile harudi.

Ndipo likaja lile sanduku la kioo. Meneja wa kiwanda alikuwa anahama, na kwa kuwa nilimtengenezea mabomba yake tangu nianze kazi, akanipa sanduku la kufugia samaki, refu kama kitanda cha mtoto, na kinu chake cha kupulizia hewa ambacho kilitaka umeme, na sisi umeme tuliuona kwa wenzetu. Nililibeba kwa mkokoteni, nimelizungushia magunia ya pamba. Nikamwambia mke wangu nitamletea samaki kutoka ziwani Mwanza. Akalizunguka mara mbili, akalipangusa vumbi kwa upindo wa khanga. Akasema samaki wa ziwani hawajui, na wao hawamjui. Anaotaka ni wa kwao.

Nikasema basi kaka yako awalete kwa treni, kuna ugumu gani.

"Samaki wa maji ya chumvi, utawaweka kwenye nini," akaniuliza, "chai?"

Lilikuwa neno la kwanza la mzaha kulisikia kinywani mwake kwa majuma mengi. Siku ya pili yake nilianza kazi.

Sikiliza basi nilivyofanya, maana kazi ile naionea fahari hata leo. Nilipata mapipa mawili ya mafuta kiwandani, nikayachoma moto ndani, nikayasugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikakata, nikayapaka rangi ile tuliyopakia matangi ya maji ya kunywa. Moja nililipandisha juu ya matofali, moja nikaliweka chini. La juu lilipokea maji ya mvua kutoka kwenye bati, na mvua isipokuwepo, maji ya bomba, ambayo niliyaacha juani siku mbili ili dawa ya idara ya maji itoke. Humo ndimo nilimokorogea chumvi, kwa mchi wa kutwangia. Nikafunga koki chini ya pipa, nikaibana itoe uzi mwembamba wa maji, uanguke kwenye pipa la chini na kufanya mapovu. Hiyo ndiyo ikawa hewa yangu badala ya kile kinu. Jioni nilichota ya chini nikarudisha juu. Juu ya vyote nilijenga kibanda cha nyasi kuzuia jua.

Chumvi yenyewe ilikuwa ya Uvinza, ile ya mabonge. Kipimo sikuwa nacho. Kipimo kilikuwa ulimi wa mke wangu. Kila Jumamosi mchana alitoka jikoni, akachovya kidole, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Mimi nimesimama na mchi.

"Bado, bwana."

Nikaongeza. Jumamosi nyingine, bado. Nikamuuliza bado nini, chumvi haitoshi au imezidi? Akafikiri, akasema chumvi peke yake si bahari. Bahari ina uchungu kidogo mwishoni, inakukamata huku nyuma ya ulimi.

Uchungu! Msukuma gani asiyejua chumvi yenye uchungu? Toka utoto tulipeleka ng'ombe mbugani kulamba udongo wa magadi. Nikapanda baiskeli, nikarudi na gunia zima, nikalichuja kwenye chungu kilichotobolewa kama walivyofanya bibi zetu, nikamimina pipani. Nikajiona bingwa. Jumamosi ile mke wangu alichovya kidole, akakiweka mdomoni, akatema mpaka kwenye uzio. Akasema nimempa sabuni. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini, akacheka akishika mbavu, na mimi hasira zikanipanda kwanza, kisha nikamwona meno yake, nikakumbuka kwamba sijayaona tangu Tabora.

Nilitaka kuyamwaga maji yale kesho yake. Sikuwahi. Mzee jirani yetu alikuwa akipitisha ng'ombe wake kwenda lamboni kunywa, na ng'ombe husikia magadi kutoka mbali. Narudi kutoka kazini, nakuta uzio umelala, kibanda kimelala, ng'ombe saba wameingiza vichwa mapipani, na mzee ameegemea fimbo yake anawatazama kwa raha. Nilifoka vibaya, hata shikamoo sikumpa. Akaningoja nimalize, akasema taratibu, "Kijana, ukiweka chumvi uani Usukumani, umewaita ng'ombe. Wameitikia." Akawaswaga akaenda zake. Jioni akanitumia kibuyu cha maziwa na miti ya uzio mpya, nikaona aibu, nikaenda kumwamkia kama ipasavyo.

Nikaanza upya. Maneno nayo yakaanza. Mji wetu maji ni ya kugombania, kisima kikikauka wanawake wanakwenda na ndoo kichwani saa mbili nzima, na huyu fundi anachukua maji mazuri anayatia chumvi. Mama yangu alikuja akasimama mbele ya pipa, akaniuliza huyo mwanamke amenilisha nini. Nikamwambia amenilisha ugali, kama wewe. Hakuniitikia salamu majuma matatu.

Kisha chumvi ikaadimika. Ilikuwa miaka ile ambayo leo hakuna sabuni, kesho hakuna sukari, na duka la ushirika unapanga foleni kabla hujajua wanauza nini. Nilichopata nilikigawa, nusu jikoni, nusu pipani, halafu robo jikoni. Mchicha tukala hauna ladha. Pamba ilikuwa inamalizika kuingia kiwandani, likizo yangu ilikuwa imeandikwa, na pipa bado halijawa bahari. Nilikoroga mikono ikaota malengelenge.

Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo alitoka akiwa amefunga khanga kichwani. Alichovya kidole, akafumba macho. Akakaa hivyo kitambo kuliko siku zote. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Hii ndiyo," akasema. "Ndiyo yenyewe. Usiongeze tena."

Nilimnyanyua mwanamke yule nikamzungusha uani mchana kweupe, majirani wanaona. Waone.

Treni ya wiki iliyofuata ilimleta kaka yake na debe lililofunikwa kitambaa chenye matundu. Ndani kulikuwa na samaki sita, aina ya mwatiko, wembamba, weupe, urefu wa kidole. Nilimuuliza shemeji kama wataishi. Akaninyooshea pipa kwa kidevu, akasema maji kama haya, kwa nini wasiishi? Wakaishi, wote sita. Tuliwaweka kwenye sanduku la kioo sebuleni, na kila jioni kabla ya kuwasha taa mke wangu alikaa mbele yao na bakuli la mchele akichambua, akiwasimulia kwa sauti ya chini habari za kwao, nani kaoa, nani kafa, embe za mwaka huu zikoje. Likizo nilikwenda naye kwa mama yangu. Siku mbili baada ya kurudi, nilikuta khanga zimetundikwa kwenye kamba ya chumbani, moja juu ya nyingine, na sanduku la bati limetiwa mahindi.

Akakaa. Alijifunza Kisukuma mpaka akawa anamshinda mama kwa matusi yake mwenyewe. Samaki walikua wakazidi kioo, nikawahamishia pipani, na yule mzee wa ng'ombe alikuja kila Jumapili kuwatazama, akisema ni mifugo ya ajabu lakini ni mifugo. Miaka kumi na moja tulikaa hivyo, sina malalamiko. Halafu homa ikamchukua kwa siku nne. Tulimzika hapahapa, kwa taratibu za dini yake, na mama yangu ndiye aliyelia kuliko wote.

Baada ya arobaini nilibeba lile sanduku la bati na khanga zake kupeleka kwao. Ndiyo mara ya kwanza kufika pwani. Shemeji alikuwa amestaafu, akanipokea vizuri, na asubuhi akanipeleka ufukweni kwa sababu alijua nilichofuata. Sikutazama mawimbi wala nini. Niliinama nikachovya kidole, nikakiweka mdomoni, nikafumba macho kama yeye.

Nilikohoa. Ilikuwa kali, ilikuwa chungu, ilinikamata koo nzima. Maji yangu ya pipani, yale niliyojivunia mbele ya mji mzima, yalikuwa kama mchuzi ambao mpishi alisahau kuutia chumvi. Hayakukaribia. Hayakukaribia hata kidogo.

Nikamgeukia shemeji. Nikamwambia haiwezekani, samaki waliishi, mmoja yuko hai hadi leo. Akachorachora mchangani kwa mguu. Akasema mwatiko habagui, hata kwenye madimbwi ya mvua anaishi, anameza maji yoyote anayopewa.

"Aliniandikia barua miezi miwili kabla sijaja," akasema. "Alisema nichague samaki asiyebagua maji. Alisema, mume wangu haijui bahari, na mimi nimeshakaa, ila msimwambie."

Miezi miwili kabla. Yaani wakati mimi nakula mchicha usio na chumvi na kuhesabu siku za likizo, yeye alikuwa ameshaamua. Kwa nini basi alinifanya nikoroge? Nilikaa mchangani, suruali ikalowa, nikamkasirikia. Miaka kumi na moja, mwanamke wa watu, ananitazama najisifu kwa wageni, na hasemi. Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno yote tayari, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa mimi ni mzee, mapipa yameshika kutu, na wajukuu wa jirani wanayapanda kucheza. Jumamosi mchana bado natoka uani bila sababu. Ningetoa chochote nilicho nacho atokee mlangoni na khanga kichwani, achovye kidole, afumbe macho, aniambie bado. Ningeongeza chumvi.