Tairi Lililochubuka Upande wa Bahari

Jumamosi asubuhi majirani wa Titikaveka, kijiji cha kisiwani, bado hutega sikio bila kujijua. Wanasubiri mlio ule: mlipuko mfupi, mzito, wa tairi jipya linapopanda na kukaa sawasawa kwenye rimu, halafu wa pili, wa upande wa pili. Zamani mbwa waliusikia wakakimbilia barabarani, na mtu aliyekuwa akikuna nazi jikoni akasema, "Moeroa huyo, kamaliza moja." Sasa uwanja wake uko kimya. Nyasi zimeanza kuota pale alipokuwa akipiga magoti.

Hakuwa na duka wala kibao. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji mpaka alipostaafu, na matairi ya pikipiki aliyabadilisha nyumbani, kando ya kaburi la baba yake. Kaburi lilikuwa la saruji laini, pana kama kitanda, hatua chache kutoka barazani. Wenzake walikuwa wamewaezekea wazee wao mabati. La kwake aliliacha wazi. Alisema atajenga paa mwakani, na mwaka ukija akasema hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba alilihitaji jua. Tairi jipya likianikwa juu ya saruji tangu asubuhi, kufikia adhuhuri mpira umelainika, na vyuma vya kupachikia vinaingia bila kugombana nao.

"Maskini baba mkwe," mkewe Akaiti alikuwa akisema kila apitapo na karai la nguo. "Kaenda kupumzika, anabebeshwa matairi."

"Alipenda pikipiki."

"Alipenda kuziendesha. Hakusema afunikwe matairi kama blanketi."

Mtu akija, Moeroa hakuanza kwa kuuliza saizi. Saizi imeandikwa ubavuni, mwenye macho ataisoma. Aliuliza, "Unapita wapi?" Kwa anayepanda njia za mashambani, kwenye mihogo na magimbi, alitaka kashata nene, vinundu vya mpira vya kuuma tope. Kwa wa lami alichagua mpira laini wenye mifereji ya kumwaga maji, ingawa huisha upesi. Wengi walitaka gumu. "Hilo litadumu," aliwaambia. "Litadumu kuliko wewe." Tairi la dukani alilibonyeza kwa ukucha, likikataa kupokea alama, alijua limekaa rafuni mpaka likakauka, akalirudisha hata kama linang'aa kama kiatu cha mchungaji.

Lakini utamu wa kazi kwake ulikuwa kwenye tairi kuukuu. Kisiwa ni duara, na barabara kubwa ni moja, imekizunguka kama mshipi. Aendaye mjini Avarua mara nyingi harudi kwa njia aliyojia, anaumalizia mzunguko. Kila mtu ana upande wake wa kuzungukia, na hubaki nao kama anavyobaki na benchi lake kanisani. Anayezunguka bahari ikiwa kushoto kwake hupinda kulia maisha yake yote, na tairi lake huliwa kulia. Anayezunguka kinyume, huliwa kushoto. Moeroa alilipakata tairi la mtu, akalizungusha polepole, akajua mengi ambayo hakuulizia.

Siku moja Tutai, mpakuaji mizigo wa bandarini, msema sana, alileta pikipiki yake. Moeroa alilichomoa tairi la nyuma, akalizungusha, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini, Papa?"

"Umegeuza njia. Miaka yote unaliwa kulia, hili limeliwa kushoto. Nani huyo wa mashariki anayekungoja kabla hujafika kazini?"

"Papa! Ni mashimo tu. Magharibi wamechimba barabara."

"Na mashimo hayo yanapika vizuri? Naona shingo imejaa."

Akaiti, aliyekuwa barazani akisuka kofia ya makuti machanga, alipaza sauti bila kuinua kichwa. "Tutai! Lilete kanisani hilo shimo tulione!"

Kijana alijifunika uso kwa mikono, na Jumapili iliyofuata akalileta kweli, limevaa shada la maua kichwani.

Mvua kubwa za mwanzo wa mwaka zilipopungua, Moeroa aliikuta pikipiki ya mkewe imeegeshwa nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo haikuwahi kukaa. Tairi la mbele lilikuwa kipara. Hakumuuliza. Alikuwa amekwisha kumchagulia jingine, laini, la mifereji, kutoka kwenye shehena mpya. Akalianika juu ya baba yake, akaanza kazi. Alifungua nati ya ekseli, akatoa gurudumu, akang'oa kidude cha valvu, hewa ikatoka kwa mluzi mrefu. Akakandamiza ukingo kwa magoti mpaka ukaachia rimu. Akalivua tairi, akalipakata.

Upande wa kulia ulikuwa umeliwa, kama ilivyotarajiwa. Akaiti alizunguka na bahari kushoto tangu usichana wake. Alisema mlima hauna pa kwenda, bahari ndiyo ya kutazamwa. Ila ubavu wa kushoto ulikuwa umechubuka, na si kwa ajali ya siku moja. Ulikuwa umekwaruzwa duara nzima, mkwaruzo mpya juu ya wa zamani, na ndani yake mlikuwa na unga mweupe wa matumbawe. Mahali pamoja nyuzi za ndani ya mpira zilikuwa zimeanza kuchungulia.

Moeroa alikaa na tairi lile mapajani mpaka miguu ikafa ganzi. Matumbawe meupe yako ukingoni tu mwa lami, upande wa bahari, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenye mawe. Anayeyagonga kila anapopita ama amelewa, ama hayaoni. Akaiti hakunywa hata bia ya harusini.

Alinyanyuka, akapanda barazani kutoka upande wa kushoto wa mkewe, akasimama karibu kiasi cha kumgusa bega. Vidole vya Akaiti viliendelea kusuka. Akainua mkono, akaupunga. Vidole viliendelea. Akakohoa.

Akaiti aliruka, kofia ikaanguka. "We mzee! Unataka kuniua?"

"Nimesimama hapa muda."

Aliiokota kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Nimetoa tairi lako."

Akaiti alicheka, kicheko kidogo cha mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Na mimi nimehangaika kuificha nyuma ya tangi."

"Jicho linafanyaje?"

"Katikati naona. Pembeni hamna, kama mtu kashusha pazia. La kushoto ndilo baya. La kulia linafuata."

"Ungeniambia."

"Nikuambie, unipeleke hospitali. Hospitali waseme twende Auckland, ng'ambo. Na huko Ngapoko keshatutandikia kitanda. Si unamjua mwanao? Tukishuka kwenye ndege haturudi." Akaukunja ukili mmoja, akaukunjua. "Huko utabadilisha matairi ya nani, mzee? Utayaanika juu ya kaburi la nani?"

Moeroa alishuka, akarudi kwenye nyasi zake.

Lilikuwa jambo rahisi. Kulikuwa na lundo la majani makavu nyuma ya jiko. Tairi kuukuu lingewaka pamoja nayo, na ushahidi ungekwenda na moshi. Tairi jipya halina kumbukumbu. Wangepata mwaka mwingine, labda na zaidi: baraza hili, nyimbo za Jumapili, milio miwili ya Jumamosi, baba yake pale chini akihurumiwa na Akaiti. Alilitaka hilo kwa uchu uliomwaibisha. Alifikiri juu ya chumba cha nyuma cha binti yake Ngapoko na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kisha akalibonyeza tairi jipya kwa ukucha, kwa mazoea tu, likapokea alama. Laini. Alilichagua laini ili Akaiti asiteleze. Ila hakuna mpira duniani unaoweza kumwonyesha mtu ukingo wa barabara.

Akapaka povu la sabuni. Akatazama mshale wa ubavuni uelekee linakozunguka gurudumu. Akaingiza vyuma kidogo kidogo, kwa upole, asije akabana tyubu, akajaza upepo. Pwa. Akangoja. Pwa. Ng'ambo ya ua mtu alisema, "Kamaliza."

Alirudisha gurudumu, akakaza nati, akanawa mikono. Kisha akapanda pikipiki ya mkewe, akakaa mbele.

"Njoo."

"Unanipeleka wapi?"

"Hospitali."

Akaiti alibaki na kofia mkononi. Alilitazama kaburi, akatazama magimbi, akamgeukia mumewe, akigeuza kichwa kizima kama kuku, na safari hii hakujaribu kuficha.

"Tupite wapi?"

"Unapopita siku zote. Bahari kushoto."

Akavaa kofia ile ambayo haijamalizika, nyuzi zikining'inia, akapanda nyuma. Walipofika pale barabara inapokaribia mawe, Moeroa alihisi ukingo wa kofia ukimkwaruza shingoni. Akaiti alikuwa amegeukia bahari kabisa, ili jicho la kulia lipate zamu yake. Moeroa akapunguza mwendo, wenye haraka wakawapita.

Madaktari wa Auckland waliokoa sehemu ya jicho la kulia, linatosha kusukia. Vyuma na pampu amevichukua Tutai, lakini yeye hufanyia kazi kwake, karibu na bandari. Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, Moeroa alinunua mabati, akaliezeka kaburi la baba yake.

Siku hizi anakaa Mangere, huko huko Auckland, na mkewe, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Ngapoko. Gereji ina magari mawili. Pikipiki hakuna.