Magazeti ya Nyama ya Darasa la Sita

Tangu tumzike mume wangu, siku inayonishinda ni Jumamosi. Jumamosi alikuwa akitoka karakana ya reli, anapitia Soko la Burma kununua nyama, kisha anarudi kwetu Umoja. Mwenye bucha alimfungia nyama kwa gazeti kuukuu, naye alizoea kumwomba karatasi kadhaa zaidi. Mwanzoni aliziomba ili asome mwenyewe. Baadaye aliziomba kwa ajili ya wanafunzi wangu.

Mimi niliishia kidato cha pili. Miaka ya themanini, darasa la nane lilipoanzishwa na Kiswahili kikaingizwa kwenye mtihani, shule zilikosa walimu, nikachukuliwa bila mafunzo yoyote kufundisha Kiswahili darasa la sita. Vitabu vilikuwa mali ya shule. Watoto watatu walisoma kitabu kimoja, na aliyeandika ndani yake alichapwa. Walisoma taarifa kwa sauti nzuri, kama wanaimba, lakini ukiwauliza imesema nini, waliirudia tena kutoka mwanzo.

Mume wangu hakusoma hivyo. Alisoma na penseli mkononi. Jambo kuu alilipigia mstari, neno asilolijua aliliwekea nukta, na palipomzulia swali alipazungushia duara, akaandika swali lenyewe pembeni. Niliona niwafundishe watoto vivyo hivyo, na kwa kuwa vitabu havikuruhusiwa kuandikwa ndani, nikawapelekea magazeti ya bucha.

"Yako iko na damu," mmoja alimwambia jirani yake siku ya kwanza. "Nzi ndio watakusomea."

Niliwaambia wapige mstari chini ya jambo kuu tu. Nilipopita kati ya madawati, nikakuta karatasi zimepigwa mistari kutoka juu hadi chini. Nikamuuliza msichana aliyeketi mbele mbona hakuacha hata sentensi moja.

"Mwalimu, ni mtu mzima ameandika," akasema. "Sasa nitaachaje maneno yake mengine?"

Hata mimi nililelewa hivyo: mkubwa akisema, humchagulii maneno. Jioni nilimweleza mume wangu, akacheka polepole.

"Mwambie kumuuliza mtu mzima swali ni kumwonyesha umemsikiliza."

Kesho yake nikawaambia hivyo. Taratibu mistari ikapungua na maduara yakaongezeka.

Muhula wa tatu, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja, na sisi tusio na mafunzo ambao hatungempendeza tungerudishwa nyumbani, kwani vyuo vilikuwa vimeanza kutoa walimu wapya. "Hayo magazeti yako, mama, siku hiyo yafiche," akaniambia. Mshahara wangu ndio uliolipa nyumba. Wa mume wangu ulikwenda kusomesha ndugu zake kule magharibi. Nilikusudia kuyaficha. Lakini asubuhi ya ukaguzi nilipoingia darasani, watoto walikuwa wameshayatandaza na kuchonga penseli. Sikuwa na moyo wa kuwaambia wayafiche, kana kwamba tulikuwa tumeyaiba.

Mkaguzi alisimama mlangoni, akanusa.

"Mwalimu, hapa ni darasani au ni buchani?"

Akachukua karatasi ya yule msichana wa mbele. Ilikuwa habari ya maji katika mitaa yetu ya Eastlands.

"Hapa umezungushia nini?"

Msichana akasimama. "Nauliza, mwalimu. Imesema wakazi wote wamepata maji. Wote ni akina nani? Sisi tunateka kwa jirani."

"Na gazeti limesema wote."

"Nimelisikiliza, mwalimu. Ndio maana nauliza."

Mkaguzi aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaigeuza, akasoma na upande wa pili. Kisha akairudisha kwenye dawati, akaenda ofisini.

Saa za chai mwalimu mkuu akanipa uamuzi. Kazi nimebaki nayo, ila magazeti hayakuwa vitabu vilivyoidhinishwa, na yasionekane tena darasani.

"Nimebaki," nilimwambia mume wangu jioni. "Lakini magazeti basi."

Akafikiri. "Sasa yule wa bucha nitamwambia nini?"

"Mwambie darasa limefungwa."

"Aa. Yule anadhani mwalimu ni mimi. Ataniongezea mifupa kwa kunionea huruma."

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Darasani tulirudi kwenye vitabu, bila penseli mkononi. Niliwaruhusu waulize kwa mdomo, ingawa si sawa na kuandika, maana swali la mdomo hupotea kabla hujageuza ukurasa. Yule msichana aliinua mkono karibu kila aya. Mengi aliyouliza sikuwa na majibu yake. Nilimwambia sijui, akaketi, akaendelea kusoma.